Wapiga kura wa katikati: tuwafuate wao au tujaze ngome kwanza?

Mratibu2027 (mwanzisha mada)

Habari za leo wakuu. Kamati ya kampeni ya ubunge huku kwetu imegawanyika kuhusu bajeti ya kuelekea 10 Agosti 2027. Kundi moja linataka pesa yote iende ngomeni: usafiri, vijana wa uhamasishaji, mikutano karibu na kila kituo, ili watu wetu wajitokeze hadi wa mwisho. Kundi la pili linasema mtu wa ngome ameshaamua, na kwamba uchaguzi huamuliwa na watu wa katikati, wale ambao leo wako hapa na kesho wako kule.

Naomba wanaoijua hesabu ya kura wanisaidie mambo matatu. Mpiga kura wa katikati ni nani hasa Kenya, ambako vyama havigawanyiki kwa kushoto na kulia? Tunamtambuaje kabla ya kutumia hata shilingi moja? Na kwa eneo bunge la kama watu 60,000 waliojiandikisha, nguvu kiasi gani ziende kwake? Naomba tarakimu, si kauli za jukwaani.

---

Hesabu_Debeni

Anzia 2022, kura ya urais, kwa sababu tarakimu zake ziko wazi. Ruto 7,176,141 (50.49%), Raila 6,942,930 (48.85%), Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Jumla ya kura halali 14,213,027. Tofauti ya wawili wa juu ni 233,211.

Wengi huiangalia hiyo 233,211 na kusema upande wa Raila ulihitaji watu robo milioni zaidi. Hapana. Kura inayohama huhesabiwa mara mbili: inapungua kule na inaongezeka huku. Watu 116,606 wangehama kutoka kwa Ruto kwenda kwa Raila, matokeo yangegeuka. Hao hawafiki 1% ya waliopiga kura. Tena Katiba, kifungu cha 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau 25% katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Nusu ya kura halali ilikuwa 7,106,513 na kidogo. Ruto aliipita kwa kura zisizofika 70,000. Watu 70,000 tu wangemwacha wakamchagua mgombea mwingine yeyote, nchi ingeingia duru ya pili.

Sasa linganisha na hoja ya kujitokeza. Mombasa mwaka huo chini ya nusu ya waliojiandikisha ndio waliopiga kura, takriban 44%, wakati nchi nzima ilikuwa karibu 65%. Hoja inayosikika sana ni kwamba "Pwani ingejitokeza, Raila angeshinda". Piga hesabu. Mombasa ilikuwa na zaidi ya wapiga kura 640,000. Ukiipandisha kutoka 44% hadi 65% unapata kura kama 134,000 mpya. Lakini Mombasa iligawanyika takriban 58 kwa 41. Katika kila kura 100 mpya, faida halisi ya Raila ni 17 tu, kwa hiyo 134,000 zote zinampa kama 23,000. Haifiki hata sehemu moja ya kumi ya pengo.

Kanuni ya kuandika ukutani mwa ofisi ya kampeni ni hii: mpiga kura mpya anayejitokeza ana thamani sawa na tofauti ya asilimia kati yako na mpinzani mahali alipo. Penye 95 kwa 5, watu 100 wanakupa 90. Penye 58 kwa 41, wanakupa 17. Penye 50 kwa 50, hawakupi kitu. Ila watu 100 uliowabadilisha mawazo wanaziba pengo la 200 popote walipo.

Kwa hiyo makundi yenu mawili yanabishana juu ya vitu vinavyofanya kazi mahali tofauti. Uhamasishaji ni wa ngomeni. Ushawishi ni wa maeneo yaliyogawanyika. Kampeni nyingi zinafanya kinyume: misafara na muziki mjini kati penye mgawanyiko, ambako unawaamsha watu wa mpinzani pamoja na wako, halafu viongozi wanakwenda kuhutubia ngomeni kuhusu sera mbele ya watu walioamua tangu zamani.

---

Mlangoni_Bungoma

Nijibu la kwanza, mpiga kura wa katikati ni nani. Ukimsaka kwa itikadi hutampata. Katikati ya Kenya ina tabaka mbili.

Tabaka la kwanza ni jamii au eneo zima ambalo halina mgombea wake mkuu wa urais. Mwaka 2022 Mlima Kenya ulikuwa hivyo, ndiyo maana pande zote mbili zilichukua mgombea mwenza kutoka huko: Rigathi Gachagua na Martha Karua. Bungoma vilevile. Mwaka 2017 kaunti hiyo ilimpa Raila ushindi. Januari 2022 vigogo wa magharibi, Mudavadi na Wetang'ula, wakaungana na Ruto, na Agosti Ruto akapata zaidi ya 60% Bungoma. Jirani zao Kakamega, Vihiga na Busia walibaki na Raila, ingawa Mudavadi mwenyewe ni wa Vihiga. Hapo ndipo wengi hujikwaa: kigogo akihama, si wote wanaomfuata, na kiasi kinachomfuata hutofautiana kaunti hadi kaunti.

Tabaka la pili ni mtu mmoja mmoja: fundi, mwalimu, mama mboga, bodaboda, kijana wa mtaa mchanganyiko, ambaye hana deni kwa chama. Huyu husikiliza bei ya unga, karo, mbolea, maji. Kwa kiti cha ubunge, huyu wa pili ndiye wenu. Lile la kwanza huamuliwa na mikataba ya wakubwa huko juu, na bajeti ya eneo bunge moja haiwezi kuligusa.

---

Fomu35A

Swali la pili, namna ya kuwatambua. Hili lina njia safi na haligharimu sana, kwa sababu Wakenya hupiga kura sita siku moja: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Mtu wa ngome hupiga suti, chama kimoja juu hadi chini. Mtu wa katikati huchanganya. Mchanganyiko huo unaonekana kwenye fomu.

Tafuteni fomu za kituo kwa kituo za 2022. Fomu 34A ni ya rais, 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana. Za rais ziliwekwa hadharani kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi. Za mbunge mawakala wenu wa wakati ule wanapaswa kuwa na nakala, na jumla yake iko kwenye 35B. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo mnapata picha ya mtaa, si ya wadi nzima.

Fungueni jedwali, kila kituo mstari wake. Safu ya waliojiandikisha, kura halali, kura za mgombea urais wa chama chenu, kura za mgombea ubunge wa chama hicho hicho, kura za mgombea wenu wa wadi, kisha mpinzani vivyo hivyo. Safu muhimu ni ya tofauti: kura za juu kabisa ambazo chama kilipata kwenye fomu yoyote, toa kura za chini kabisa ambazo kilipata kituo hicho hicho.

Mfano. Kituo chenye kura halali 450. Chama chenu kilipata 260 kwa rais, 240 kwa gavana, 150 kwa mbunge. Ya juu 260, ya chini 150, tofauti 110. Maana yake ni kwamba watu wasiopungua 110 pale wako tayari kukupa kura moja na kukunyima nyingine. Na ile 150 ni ngome yenu halisi kwa makadirio, si 260. Kituo kingine mlipata 310, 305, 298: tofauti 12. Hapo msimpeleke mtu wa kushawishi, pelekeni pikipiki na orodha ya wazee wasioweza kutembea.

Panga vituo kwa tofauti hiyo, kubwa juu. Kwa kawaida sehemu kubwa ya tofauti yote hukaa kwenye vituo vichache: vya sokoni, vya mji mdogo, karibu na vyuo, kwenye makazi ya kupanga. Hivyo ndivyo vya kwenda nyumba kwa nyumba.

Mambo ya kuangalia, maana jedwali linaweza kudanganya. Kama mgombea wenu wa 2022 alitoka wadi fulani, kura za wadi hiyo zitakuwa na upendeleo wa nyumbani, msiuhesabu kama ngome ya chama. Kama kulikuwa na mgombea huru mwenye nguvu aliyetoka kwenye uteuzi wenu, kura zake nyingi ni za ngome yenu iliyokasirika, si za katikati, na hao hurudi kwa mazungumzo, si kwa sera. Na vituo hugawanywa upya sajili inapokua, kwa hiyo linganisheni kwa jina la shule au uwanja, msitegemee namba ya kituo peke yake.

---

Mratibu2027

Asante sana Fomu35A, hili la tofauti kati ya fomu hatukuwa nalo kabisa. Swali la nyongeza: tumeletewa utafiti wa maoni unaosema asilimia 18 ya watu "hawajaamua". Kundi la pili linaushika huo kama ushahidi kwamba katikati ni 18%. Ni sahihi kuuchukua hivyo?

---

Sampuli

Hapana, na nitaeleza kwa nini.

"Hajaamua" ni kapu moja lenye watu wa aina tatu. Wapo walioamua lakini hawataki kumwambia mgeni mlangoni. Wapo ambao hawatapiga kura kabisa. Na wapo wanaoyumba kweli. Ili kuwatenganisha, maswali yaulizwe kwa mpangilio: kwanza kama amejiandikisha na kituo chake ni kipi (asiyekijua kituo chake, uwezekano wa kupiga kura ni mdogo), pili kama alipiga 2022, tatu anaelekea upande gani hata kama hajaamua, nne jambo gani lingemfanya abadilike. Aliyepiga kura 2022, anakijua kituo chake, na anakutajia jambo mahsusi kama zahanati isiyo na dawa au barabara fulani, huyo ndiye wa katikati. Anayejibu "tutaona siku hiyo" na kutabasamu, mara nyingi ni wa mpinzani mwenye adabu.

Jambo la pili ni ukubwa wa sampuli. Tuseme waliulizwa watu 400. Asilimia 18 yake ni watu 72. Ukitaka kujua hao 72 wanataka nini, kosa la makadirio ni karibu asilimia 12 juu au chini. Hata utafiti wa kitaifa wa watu 2,000, ambao kosa lake ni kama asilimia 2.2, ukichukua wasioamua 200 ndani yake kosa linaruka hadi karibu 7. Kwa hiyo sentensi kama "wengi wa wasioamua wanataka ajira" inahitaji kuulizwa: wangapi hasa waliulizwa? Tazameni pia nani alilipia utafiti. Sheria ya Kenya ya kutangaza tafiti za uchaguzi inataka hilo lielezwe.

Mkienda nyumba kwa nyumba, mpeni kila mtu namba: 1 wetu hakika, 2 anaelekea kwetu, 3 anayumba, 4 anaelekea kwao, 5 wao hakika. Rudini kwa 2 na 3 peke yao. Wenye 1 waingie orodha ya siku ya kura. Wenye 5 waachwe kwa heshima, kubishana nao kunawaongezea hamu ya kujitokeza. Na kumbukeni Sheria ya Kulinda Data ya 2019: msiandike jina na simu ya mtu bila ridhaa yake, na msizunguke na orodha hiyo kwenye vikundi vya WhatsApp.

---

Kisiwandui

Natokea upande wa Tanzania, naongeza jambo ambalo halijaguswa: kanuni ya ushindi ndiyo inayoamua kama katikati ina nguvu.

Kwetu rais wa Muungano hahitaji nusu ya kura tangu mabadiliko ya Katiba ya 2000. Anayeongoza ndiye mshindi. Chini ya kanuni hiyo chama chenye ngome pana kikiona wapinzani wamegawanyika, kinaimarisha mafiga matatu, rais, mbunge na diwani, na hakina haja ya kumtafuta wa katikati. Kenya yenye nusu na zaidi inawalazimisha wagombea kutoka nje ya kwao. Lakini ubunge wenu Kenya ni kama wetu, anayeongoza anachukua. Kwa hiyo Mratibu, hesabu ya urais mliyopewa hapo juu haihamii moja kwa moja kwenye kiti chenu. Mkiwa wagombea watatu wenye nguvu, asilimia 38 inaweza kutosha.

Na penye watatu, mgombea anayejenga kampeni yake yote katikati anaweza kubanwa pande zote. Ufaransa 2007 ni mfano mzuri: François Bayrou alikuwa wa kati kabisa, na tafiti zilionyesha angemshinda yeyote kati ya Sarkozy na Royal wakikutana ana kwa ana. Akapata 18.57% duru ya kwanza, wa tatu, akatoka. Miaka 10 baadaye Macron, naye wa kati, alipata 24.01% tu duru ya kwanza, Le Pen 21.30, Fillon 20.01, Mélenchon 19.58. Akapenya, na duru ya pili akachukua 66.10%. Kilichomtenganisha na Bayrou ni kwamba kwanza alikuwa na ngome ya kumvusha.

Na kwa anayedhani watu wachache hawana uzito, akumbuke Zanzibar 1995: Salmin Amour 165,271, Seif Sharif Hamad 163,706. Tofauti 1,565. Pemba majimbo yote 21 yalikwenda CUF, chama cha Seif, Unguja CUF ikapata 3 tu, na Baraza la Wawakilishi likawa CCM 26, CUF 24. Visiwa viwili vyenye ngome ngumu hivyo, na kiti cha urais kikaning'inia kwa watu ambao wangeingia kwenye uwanja mmoja wa mpira.

---

Hesabu_Debeni

Nakubaliana na Kisiwandui. Sasa swali la tatu, mgawanyo. Chukua mfano wa eneo bunge la 60,000, waliojitokeza 65%, yaani kura 39,000, wagombea wawili wenye nguvu. Tuseme jedwali la Fomu35A linawapa ngome 17,000, mpinzani 16,000, wanaoyumba 6,000.

Ngome ikijitokeza yote, ushindi ni kura 19,501, kwa hiyo mnahitaji 2,501 kati ya 6,000. Ni kama 42%. Mnaweza hata kushindwa katikati na bado mkashinda kiti.

Ngome ikilegea kwa 10%, inabaki 15,300. Jumla inakuwa 37,300 na ushindi 18,651. Sasa mnahitaji 3,351 kati ya wale wale 6,000, karibu 56%. Kulegea kwa watu 1,700 kumewaongezea mzigo wa watu 850 wa katikati, nao ni wagumu kuliko wale mliowapoteza, kwa sababu kila mmoja anahitaji kutembelewa zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo kwa kiti chenu ningepanga kwa muda badala ya kugawa pesa nusu kwa nusu. Kuanzia sasa hadi mwezi mmoja kabla ya kura, nguvu kubwa ya wahamasishaji iende kwenye vituo vyenye tofauti kubwa, namba 2 na 3. Mwezi wa mwisho mgeukie namba 1: kila kituo na orodha yake, nani ana usafiri, nani yuko kazini mji mwingine na anarudi lini. Kampeni hufungwa saa 48 kabla ya kura, kwa hiyo orodha ya kuwakumbusha watu iwe imekamilika wiki nzima kabla. Fedha za mawakala mziweke kando mapema kabisa na zisiguswe na mkutano wowote.

---

Mlangoni_Bungoma

Naongeza yanayoharibika, maana nimeona hakuna aliyeyagusa.

Kubwa ni kugawa pesa na unga ukidhani unanunua katikati. Mtu anayeyumba ndiye wa kwanza kupokea kutoka pande zote, na debeni yuko peke yake. Hakuna kinachomfunga. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu hilo kama hongo: faini hadi shilingi milioni mbili, au kifungo hadi miaka sita, au vyote. Pesa hiyo hiyo ingelipa wahamasishaji wa kurudi mara tatu kwenye kila nyumba yenye namba 3.

La pili ni ndimi mbili. Ngomeni mgombea anawaambia watu kazi za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zitabaki kwao, halafu sokoni penye mchanganyiko anahubiri usawa. Simu zinarekodi, na video ya ngomeni inafika sokoni kabla ya jioni. Chagueni ahadi ambayo mnaweza kuitamka kwa maneno yale yale mahali pote: basari zenye orodha inayobandikwa hadharani shuleni, kwa mfano. Wa ngome haimuudhi, na wa katikati anaiona kuwa inamhusu.

La tatu ni mjumbe. Mtu wa katikati hamsikilizi kijana aliyevaa fulana ya chama. Anamsikiliza jirani, mwenyekiti wa chama cha akiba, mwalimu mstaafu. Wapelekeni hao bila fulana, wawili wawili, na wapewe jambo moja la kueleza, si manifesto nzima.

---

Mratibu2027

Nashukuru sana wakuu. Kesho tunaanza kukusanya 35A. Swali dogo la mwisho: wapiga kura wapya waliojiandikisha baada ya 2022 hawamo kwenye fomu hizo. Tuwahesabu wapi?

---

Fomu35A

Safu ya peke yake. Chukueni sajili mpya ya kituo, toeni idadi ya 2022, ongezeko ndilo hilo. Hamjui wanaelekea wapi, kwa hiyo msiwaongeze kwenye ngome hata kama kituo ni chenu. Wapeni namba 3 wote hadi watembelewe. Kituo ambacho kilikuwa na tofauti ndogo mwaka 2022 lakini sajili imekua kwa 15% au zaidi, kihamishieni kwenye orodha ya nyumba kwa nyumba, na muanze na wale walio kwenye nyumba za kupanga, maana hao huhama na hujiandikisha upya kuliko wengine.